Mfupa Usiotajwa Mbele ya Mkwe

Fundi Mifupa alikuwa ameshika koleo kwa mkono wa kulia na uti wa mgongo wa bweha kwa mkono wa kushoto, mkwewe alipoingia karakana ya makumbusho na kumwuliza swali ambalo alikuwa akilikwepa tangu ujana wake.

"Baba, hivi fisi maji wetu wote ni majike?"

Koleo likamponyoka. Halikuanguka kwa kishindo, lilitua juu ya rundo la waya, lakini yeye alilisikia kama sufuria iliyodondoka msibani.

"Sijakupata vizuri," akasema, ingawa alikuwa amempata vizuri sana.

"Fisi maji. Waliosimamishwa ukumbini na walio kabatini. Nimewapitia mmoja mmoja tangu wiki iliyopita, sijaona dume hata wa dawa. Nyegere nao ni hivyo hivyo. Bweha, majike. Mbwa mwitu, majike. Hawa wawindaji wa zamani walikuwa na ugomvi gani na majike?"

"Wawindaji wa zamani," akasema Fundi, akiinama kutafuta koleo mahali ambapo halikuangukia, "walikuwa na mambo yao."

Kwa asiyemjua, Fundi Mifupa ndiye aliyewasimamisha wanyama wote wa ukumbi ule. Si wale wenye ngozi na macho ya kioo. Hao walikuwa na fundi wao, na Fundi Mifupa aliwahesabu kuwa mito iliyoshonwa vizuri. Yeye alikuwa mtu wa viunzi vya mifupa. Mzoga ukiletwa, ni yeye aliyeuchuna, akauweka katika sanduku la wadudu wanaokula nyama kavu, akaondoa mafuta kwa maji ya sabuni, akaandika namba kwa wino mweusi juu ya kila mfupa, hata ule mdogo kama punje ya mchele. Kisha aliunganisha kila kitu kwa waya mpaka mnyama akasimama kama aliyeitwa jina akageuka. Majina ya mifupa aliyapata katika madarasa ya jioni, mwili ukiwa umechoka na kazi za mchana, na kwa hiyo hakuyafanyia mchezo. Koti lake jeupe lilipigwa pasi kila siku. Wageni walipopita alipenda kuwaonyesha shingo ya twiga na shingo ya panya, akawaambia wahesabu: pingili saba huku, pingili saba kule. "Na wewe saba," alikuwa akimalizia. "Hukupunjwa."

Lakini kulikuwa na mfupa mmoja ambao hakuwahi kumwonyesha mtu.

Maumbile hayana aibu, wenye aibu ni sisi, kwa hiyo tuseme tu. Madume ya wanyama wengi, mbwa, nyegere, fisi maji, popo wengi, hata nyani, wana mfupa ndani ya uume. Kwa mbwa una mfereji upande wa chini. Kwa fisi maji ni mnene kama penseli na umepinda kidogo. Binadamu hana, ng'ombe hana, na tembo, pamoja na ukubwa wake wote, hana. Wataalamu huupenda mno mfupa huo, kwa sababu kila aina ya mnyama ina umbo lake, na wanyama wawili wanaofanana kama shilingi kwa ya pili huweza kutenganishwa kwa kuitazama ncha yake tu.

Fundi aliyajua hayo yote. Kiunzi chake cha kwanza kabisa, cha mbwa mwitu, alikisimamisha kila kitu kikiwa mahali pake. Siku watu walipokaribishwa kukitazama alimwalika mama mkwe wake, ili bibi yule aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa kubahatisha. Bibi akakizunguka kiunzi polepole. Akasifu meno. Akasifu mkia. Halafu akanyoosha fimbo yake.

"Na huu, mwanangu, ni wa wapi?"

Fundi aliona meno yote ya mbwa mwitu yakimcheka.

"Ubavu, mama," akasema. "Ubavu wa ziada."

"Ahaa," akasema mama mkwe, akaendelea kuutazama kwa muda ambao Fundi aliuona mrefu kuliko uchumba wake wote.

Jioni ile watu walipotoka aliufungua ule mfupa akautia katika mkebe mtupu wa biskuti. Tangu hapo kila dume aliyepita mikononi mwake aliingia ukumbini bila mfupa ule, na mkebe ukazidi kuwa mzito. Wanafunzi walikuja, walimu walikuja, wakuu wa makumbusho walipokezana kiti. Hakuna aliyeuliza. Labda nao walikuwa na wakwe.

Sasa ameuliza mke wa mwanawe.

Kazini walimwita Daktari. Alisomea wanyama waliokwisha kutoweka duniani, wale ambao siku hizi ni mifupa iliyogeuka mawe. Alikuja makumbusho akiwa msichana mwenye begi la nyundo ndogo ndogo, na mtoto wa pekee wa Fundi, mpima ardhi, alimwona hapo hapo karakana siku alipomletea baba yake miwani aliyoisahau nyumbani. Baada ya siku ile Fundi alishangaa jinsi kijana alivyokuwa mwepesi kumletea vitu ambavyo hakuvisahau. Wakaoana. Hawakujaliwa mtoto. Kisha figo za kijana zikaanza kumsumbua, na pamoja na hospitali zote na dua zote, akaenda.

Watu walitazamia kwamba matanga yakiisha, mjane atafunga mizigo arudi kwao. Hakufunga. Alibaki katika kile chumba cha nyuma, asubuhi akitoka na baba mkwe wake kwenda kazini, wakibishana njia nzima juu ya taya la huyu na kwato za yule, jioni akigombana na mama mkwe wake juu ya sauti ya redio. Wazee wale hawakumwuliza kwa nini amebaki. Waliogopa kwamba akiulizwa atatafuta sababu, na akitafuta sababu ataona hakuna.

Mwaka ule wachimba chokaa walileta bonge la jiwe lililokuwa na mnyama ndani. Daktari alilichokonoa miezi kwa sindano kama ya daktari wa meno, punje kwa punje, mpaka akamtoa fisi maji wa kale, mkubwa kuliko yeyote aliye hai leo. Lakini jiwe lilikuwa limemlalia vibaya. Fuvu lilibonyea, meno yakasagika. Na kwa wanaosoma koo za wanyama wanaonyonyesha, meno ndiyo kitambulisho: yanasema mnyama alikula nini na ni mtoto wa nani. Huyu alikuwa hana kitambulisho. Kilichobaki kizima ni nyonga, pingili chache za mkia, na kijiti kimoja cha mfupa kilichopinda.

"Kwa hiyo unaona shida yangu, Baba," akasema Daktari pale mlangoni, macho yake yakiwa juu ya kalenda ya ukutani. "Mfupa ulio mzima ndio huo... huo wa madume. Ningepata wa fisi maji wa mtoni kwetu nikaulinganisha nao, ningejua kama huyu wa kale ni babu yake, au ni wa aina nyingine kabisa. Bila hivyo nitaandika tu kwamba ukoo wake haujulikani."

"Ukiandika hivyo kuna ubaya?"

"Kule hawatanichukua."

Kule kulikuwa ni makumbusho makubwa ya mji mwingine, safari ya treni ya siku nzima. Walihitaji mtu wa wanyama waliotoweka, na walikuwa wamemwambia wazi: maliza huyo fisi maji wako, tuambie ni nani, kabla ya mwisho wa mwezi. Fundi alikuwa anajua habari hiyo. Alikuwa amempongeza kwa mdomo, na kwa moyo akawa amekaa kimya.

"Pole, mwanangu," akasema. "Wawindaji wa zamani bwana."

Daktari akatoka. Fundi akainua macho hadi rafu ya juu, kati ya chupa ya gundi na kopo la misumari, ambako mkebe wa biskuti ulikuwa umekaa miaka yote hiyo bila kumdai chochote.

Jioni ile mkewe alimtazama akila.

"Mzee, unakula kama mtu anayemeza vidonge."

Mkwe alikuwa chumbani kwake na vitabu vyake. Fundi akashusha sauti akamweleza mkewe yote, tangu mbwa mwitu, fimbo ya mama mkwe, ubavu wa ziada na mkebe, mpaka swali la asubuhi. Alitazamia kwamba mkewe atashtuka. Mkewe aliweka kijiko chini, akajifunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Unalia?"

"Mama alijua," akasema mkewe alipopata pumzi. "Mzee, kwa babu yangu walifuga mbwa wa kuwindia. Mama kawaosha mbwa tangu ana meno ya utotoni. Siku ile tulipofika kona ya kwanza ilibidi akae juu ya ukuta wa watu kwa kicheko. Akaniambia, mume huyo mtunze. Mtu aliyekubali kumzidishia mbwa ubavu ili mimi nisione haya, hatakuvunjia heshima."

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hii."

"Ningesemaje? Ulikuwa unajivunia sana ule ubavu."

Fundi naye akacheka, kicheko cha puani, cha mtu aliyekamatwa. Kisha mkewe akaacha kucheka.

"Basi kesho mpe mtoto mifupa yake."

Fundi akakwangua sahani ambayo haikuwa na kitu.

"Ni haya, Mama. Mkwe ni mkwe. Nitaanzaje kumtajia kitu kama hicho?"

"Mtu anayemchuna chui hadi kucha ashindwe kumkabidhi mtu mkebe?" Mkewe alisogeza kiti. "Akipata huo mfupa atamaliza kazi. Akimaliza kazi ataondoka. Haya yako imekaa upande unaokufaa, Mzee. Haya ikianza kumfaa mwenyewe, heri aitafutie jina jingine."

Kwa muda walisikiliza kurasa zikigeuzwa chumba cha nyuma.

"Unadhani mimi nataka aende?" mkewe akasema taratibu. "Mimi asubuhi sijui kama kumekucha mpaka nisikie mlango wake. Nikipika, nampikia yeye. Mimi na wewe tungekunywa uji tukalala. Lakini siwezi kumfungia mtoto wa watu ndani kwa mfupa wa fisi maji."

Neno lile lilivyotoka, na lilivyokuwa, likawaangusha tena kwa kicheko, wote wawili, machozi yakiwa karibu na isijulikane chozi lipi ni la nini. Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Mama, kuna nini huko?"

"Hamna, mwanangu. Baba yako kapaliwa."

Asubuhi Fundi alifika karakana akiwa ameamua, lakini ameamua kwa njia ya mkato. Aliuteremsha mkebe, akaufuta vumbi, akasubiri Daktari aende kunawa mikono, akauweka juu ya meza yake katikati kabisa, kisha akarudi kwenye bweha wake na kuanza kutoboa pingili kwa keekee ili asisikie lolote. Alijisemea kwamba mfupa wenye namba hujieleza wenyewe. Ataufungua, ataelewa, atashukuru moyoni, nao hawatalizungumza mpaka siku ya kiyama.

Alitoboa pingili mbili. Akatoboa ya tatu isiyohitaji kutobolewa. Mlango ukafunguka.

"Baba," akasema Daktari kwa sauti ya ukali wa upendo, ile ya watoto wakikua. "Nani kakupa biskuti? Hujui umekatazwa sukari? Na mimi hujui kwamba sili vitu vitamu asubuhi? Ulikuwa unanihonga nisimwambie Mama?"

Keekee likaendelea kuzunguka hewani.

"Umeuweka wapi?"

"Nimempa mlinzi wa getini. Ana watoto."

Watu wa makumbusho hawakuwa wamewahi kumwona Fundi Mifupa akikimbia, na wengine hawakuwa na hakika kama anao uwezo. Siku ile alipita ukumbini kati ya pundamilia na nyati, koti likipepea, akashuka ngazi, akavuka uwanja wa kokoto. Mlinzi alikuwa ameketi kwenye kibanda chake. Mkebe ulikuwa magotini pake, umefunguliwa. Ameshika kitu kimoja kirefu kati ya vidole viwili na kukigeuzageuza mwangani, kikombe cha chai kikimngojea pembeni.

"Fundi," akasema mlinzi kwa upole, "nisikufiche. Biskuti hizi zimekaa sana."

"Nipe."

"Moja nimejaribu kuichovya kwenye chai."

"Nipe, ndugu yangu. Nitakununulia nyingine."

"Sasa hii ni kitu gani?"

Fundi akavuta pumzi. "Ni mfupa ulio katika uume wa nyegere," akasema, waziwazi, mbele ya geti na mbele ya jua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mbingu haikuanguka. Mlinzi alikitazama kile kitu, akakitazama kikombe cha chai, akakimwaga chote nje ya dirisha.

Akiwa amekwisha kulitamka mara moja, Fundi aliona afadhali alitamke tena kabla ulimi haujapoa. Alipanda ngazi, akaingia bila kubisha katika chumba cha Daktari, akauweka mkebe mezani, akageuka kulikabili dirisha.

"Daktari. Wale fisi maji si majike."

Nyuma yake alisikia kifuniko kikifunguliwa. Halafu mfupa mmoja ukagonga mwingine, kwa sauti ndogo kama ya vijiti vya kufumia.

"Niliwatolea mfupa huo mimi," akaliambia dirisha. "Kila dume. Si kwamba nilitupa. Yote imo humo."

"Yote ina namba," akasema Daktari polepole.

"Mfupa usio na namba ni takataka. Namba ni zile zile za viunzi vyao. Fisi maji utawakuta chini, maana hao nililetewa zamani."

"Baba, kwa nini?"

Ikabidi amweleze. Alipofika kwenye fimbo ya bibi sauti yake ilianza kwenda kombo, na alipofika kwenye ubavu wa ziada alisikia kiti kikisukumwa. Akageuka. Mkwewe alikuwa ameinamia meza, paji la uso juu ya mkono, anacheka bila sauti mpaka kalamu zikawa zinatikisika kwenye kikombe chake.

"Nisamehe, Baba," akasema akijipangusa macho. "Mimi nani wa kukucheka? Nimesimama mbele ya maprofesa nikautaja mfupa huu mkutano mzima, sijapepesa jicho. Jana nimekuja kwako nikaishia kutazama kalenda."

"Nilikuona."

"Kumbe uliniona."

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Walitandika kitambaa cheusi juu ya meza ndefu, wakaanza kupanga. Yeye alisoma namba, Daktari akataja mnyama, na mfupa ukalazwa mahali pa ukoo wake. Upande mmoja wakawekwa mbwa mwitu na bweha wenye mifereji yao, wanafanana kama watoto wa tumbo moja. Upande wa pili kicheche, mdogo kama sindano ya godoro, na nyegere, na fisi maji karibu yao.

"Na fisi?" akauliza Fundi. "Sikumbuki kumtolea fisi kitu."

"Hukumtolea kwa sababu hana. Na hapo ndipo unapojua fisi maji si fisi hata chembe. Ni ndugu wa nyegere na kicheche. Jina alipewa na watu waliomwona kwa mbali."

"Watu wa mbali ndio wanaotoa majina siku zote," akasema Fundi.

Daktari akalifungua sanduku lake la pamba. Akautoa mfupa wa kale, ulio wa rangi ya chai, mzito kuliko ulivyoonekana, akaulaza kando ya ile ya fisi maji wa mtoni. Wote wawili wakainama. Fundi aliona kabla ya kuambiwa, kwa sababu macho yake yalikuwa yameyazoea maumbo hayo kwa miaka, na Daktari aliona wakati ule ule. Ile ya mtoni ilikuwa na ncha pana, kama kijiko kilichobinywa. Ule wa kale uligawanyika mwishoni kama mkia wa mbayuwayu. Daktari aligeuza mmoja baada ya mwingine, wadogo na wakubwa, vijana na wazee. Hakuna uliogawanyika.

Alikaa juu ya stuli kama mtu aliyeshushwa mzigo.

"Si babu yao," akasema. "Ni wa aina yake peke yake. Lakini ukoo ni huu huu, ona mkunjo wa hapa katikati. Ana kwao, Baba. Kumbe muda wote alikuwa na kwao."

Fundi alisema hongera. Safari hii mdomo na moyo vilikaribiana, ingawa havikugusana bado.

Daktari alikuwa akiufuta mfupa wa kale kwa brashi ya manyoya, mahali ambapo palikuwa pamekwisha kufutwa.

"Ulijua kwamba nikimaliza hii naondoka."

"Nilijua."

"Na mkebe ulikuwa juu ya rafu nilipouliza."

"Ulikuwa pale. Niliuona ulivyotoka tu." Alivua miwani. "Nilikuchelewesha, mwanangu."

"Kwa siku moja, Baba."

"Ilikuwa siku ndefu."

Daktari alimsogezea stuli ya pili, na baba mkwe wake akakaa, nao wakaitazama ile mifupa iliyopangwa mpaka kengele ya chakula cha mchana ikalia.

Majibu kutoka mji ule yalikuja kwa simu, siku chache baada ya kazi kutumwa. Walimtaka. Aliwaambia wazee jioni, baada ya kula, vyombo vikiwa bado mezani. Mama mkwe alimkumbatia, akasema mambo yote ya kusemwa, akainuka haraka kwenda jikoni na bakuli moja tu, mtu ambaye siku zote alibeba vyombo vyote kwa safari moja.

Daktari alibaki akikunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza.

"Baba, nilitaka tuzungumze habari ya chumba. Nitakisafisha kabla sijaondoka. Mnaweza kukipangisha. Najua mmenivumilia."

"Nani kakwambia tumekuvumilia?"

"Hakuna aliyesema. Ila mimi mwenyewe naona. Aliyenileta hapa hayupo. Mtoto hatukupata. Damu yenu sina." Alijaribu kutabasamu. "Kazini, mnyama wa hivyo tunamweka droo ya chini, ile ya wasiojulikana ukoo. Kila siku nikiifungua ile droo najiona."

Fundi Mifupa alikuwa mtu wa kupenda kutoa maelezo, na alikuwa na maelezo mengi juu ya koo na damu na nani hutokana na nani, yote aliyoyapata kwa jasho katika madawati ya jioni. Aliyatafuta, akaona hakuna hata moja linalofaa mezani pale. Kilichomjia ni cha karakana.

"Mwanangu, wale tunawapanga sisi kwa sababu hawawezi kusema," akasema. "Unamkuta mtu kageuka jiwe, hana meno, hana ngozi, hana wa kumsemea. Utamwuliza nani? Inabidi upime, ukisie, umpangie kwao. Wewe hukufa. Una mdomo, na tena mrefu, njia nzima ya kwenda kazini naujua. Wewe hupangiwi. Wewe unaulizwa." Akaegemea mbele. "Sasa mimi nakuuliza, jambo ambalo mama yako na mimi tuliogopa kukuuliza tangu siku ile. Wewe ni wa wapi?"

Daktari aliacha kitambaa. Fundi hakumsaidia, aliweka mikono yake juu ya meza na kusubiri, kama alivyosubiri gundi zote za maisha yake kukauka.

"Wa hapa," akasema mkwewe.

"Basi."

"Hata nikiwa kule?"

"Nyangumi yuko baharini na bado ananyonyesha. Mtu haondoki kwenye ukoo kwa kuhama."

Jikoni, ambako kwa muda wote ule maji hayakusikika yakimwagika wala sahani kugusana, sauti ya mama mkwe ikatoka, nene kidogo, kama ya mtu mwenye mafua.

"Kama ni wa hapa, leo zamu ya vyombo ni ya nani? Mgeni ndiye anayekaa mezani."

Daktari akacheka, akajifuta uso kwa kiganja, akakusanya sahani zote kwa safari moja akaenda. Fundi Mifupa alibaki kwenye kiti chake. Aliwasikia wakianza kubishana, mmoja akisema sufuria hulowekwa kwanza, mwingine akisema huo ni uvivu uliosomeshwa, na redio ikapandishwa sauti, ikashushwa, ikapandishwa tena.